Pikapu ya Land Rover 109: jinsi ya kuichagua, kuifungua na kuitunza mwenyewe

Wakuu, tangu Oktoba 2024 Land Rover zilivyojaa Arusha kwenye lile tamasha la Land Rover, kila wiki kuna mtu ananiuliza habari za 109, wapi ataipata, inakula mafuta kiasi gani, spea zipo au hazipo. Nimeona niandike yote mara moja. Mimi nina pikapu 109 Series IIA ya 1970, petroli, injini ile ya 2286 cc, niliichukua kwa mjomba wangu Korogwe, ilikuwa imelala chini ya mwembe miaka sita, kuku wanatagia kwenye siti. Saivi inabeba machungwa na mbao hapa Muheza, mkoa wa Tanga, na kazi nyingi nimezifanya kwa mkono wangu, kwa hiyo nitakayosema hapa ni yale niliyoyashika.

Kwanza ujue unanunua nini. Land Rover ilitoka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, ndo maana bodi wakaitengeneza kwa aluminiamu na chasisi ikabaki ya chuma. Hilo jambo moja ukilielewa umeelewa nusu ya matatizo ya hii gari. Bodi inang'aa miaka hamsini, huku chini chasisi inaliwa kimyakimya, na mtu anakuuzia bodi. Series II ilitoka 1958, IIA 1961, Series III 1971 mpaka 1985, na 109 ni urefu kwa inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Series III gia zote nne za mbele zina sinkro (kifaa kinachofanya gia iingie laini), IIA namba moja na mbili hazina, inabidi ukanyage krachi mara mbili ukishusha gia, utazoea ndani ya wiki.

Sasa kununua. Usisikilize injini kwanza! Wauzaji wanapenda kukuwashia injini uisikie inavyonguruma, wewe mwambie izime. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, vaa nguo chafu, ingia chini. Anza nyuma kabisa kwenye ile boriti ya mwisho inayobeba bampa na ndoano ya kuvutia, gonga kidogokidogo ukienda mbele. Chuma kizima kinalia ngo, ngo, sauti kali inakurudi mkononi. Kilichooza kinalia pwa, kama unagonga debe lenye unga, na ukichomeka bisibisi inazama na maganda ya kutu yanakumwagikia machoni, kwa hiyo vaa miwani. Gonga kwa nguvu zaidi pale zinaposhikia springi za mbele na za nyuma, kwenye mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na juu ya tangi la mafuta maana pale tope linakaa na halioshwi na mtu. Chasisi hii ni boksi, imefungwa pande zote, inaozea ndani kwenda nje, ukiona kitundu cha sarafu nje ujue ndani pameisha eneo la kiganja. Tundu moja mawili fundi wa kuchomelea mzuri anakata na kuweka bamba jipya, lakini ikiwa mahali pa springi pote panabonyea achana nayo, au nunua ukijua unanunua spea.

Baada ya chasisi angalia ule ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, pale unapoweka miguu na kwenye nguzo za mlango, nao ni chuma na unaoza. Alafu namba ya chasisi. Imegongwa kwenye mkono wa chasisi unaoshika springi ya mbele upande wa kulia, futa tope, piga brashi ya waya taratibu, soma namba, linganisha na kadi ya gari. Ikitofautiana hata herufi moja usitoe hela, subiri mwenye gari aende TRA (mamlaka ya mapato) alimalize mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu magari haya yamebadilishwa chasisi na injini mara nyingi na kadi inabaki ya gari lingine kabisa, mgogoro unakuja kuwa wako.

Kuna na mtego wa umeme. Za zamani kabla ya 1967 nyingi positivu ya betri ndo imeungwa kwenye bodi, kinyume na gari zote unazozijua. Angalia kabla hujafunga redio au chaja ya simu, ukikosea unaunguza vitu siku hiyohiyo.

Haya, gari iko nyumbani. Kabla ya yote tafuta spana za inchi. Nati nyingi za hii gari ni za inchi, 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 3/4, na fundi mwenye spana za milimita tu atakuharibia. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi ila inalegea kidogo, ukiikaza kwa nguvu inakula kona za nati, na nati ikishakuwa duara ndo unaanza kupigana na patasi. Mimi nusu ya siku za mwanzo zilienda kwenye nati za aina hiyo. Pulizia nati mafuta ya kulainisha jioni, kesho yake asubuhi fungua.

Breki ndo kazi ya kwanza, injini itasubiri. 109 ina breki za dramu tairi zote nne, na mbele kila tairi lina silinda mbili za breki, kwa hiyo hewa inapata pa kujificha. Watu wanatoa upepo siku nzima pedali bado inazama kama godoro. Dawa yake, kabla ya kutoa upepo kaza adjasta zote (zile za kusogeza viatu vya breki) mpaka viatu vigande kwenye dramu tairi zisizunguke kabisa, hapo pistoni za silinda hazina pa kutembea, ndo uanze kutoa upepo ukianzia tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, nyuma kushoto, uje ukimalizia la karibu. Mwingine akanyage pedali taratibu, si kwa kupiga. Ukimaliza legeza adjasta mpaka tairi lizunguke huru na kugusa kidogo tu. Mimi nilihangaika siku tatu kabla sijaambiwa hivyo, nilipofanya hivyo saa moja tu pedali ikawa ngumu juu kabisa.

Na hapa naomba unisikilize vizuri sana. Handibreki ya hii gari haikamati tairi. Ina dramu yake moja nyuma ya gia boksi inayoshika propela ya nyuma. Maana yake ukipiga jeki tairi moja la nyuma likaning'inia, difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) inaliachia hilo tairi lizunguke na la upande wa pili linaachiwa pia, gari inatembea na handibreki imevutwa! Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya tairi zilizobaki chini, kila mara, hata kama uwanja unaonekana tambarare. Na usiivute gari ikiwa kwenye mwendo, unaupa mshtuko mfumo mzima wa shafti za nyuma.

Oili. Hii gari ina sehemu nyingi za oili na wengi wanakumbuka ya injini tu. Injini mimi naweka 20W50, inaingia karibu lita 6.8 ukibadilisha na filta. Filta yake ni ile ya kikopo yenye elementi ndani, na juu kuna mpira wa duara uliokaa kwenye mfereji. Mpira wa zamani unaganda pale na kuwa mweusi kama sehemu ya chuma, mtu anaweka mpya juu yake bila kujua, akiwasha injini oili inaruka yote chini dakika moja. Chukua sindano ya kushonea viatu, uchokonoe wote utoke, futa mfereji, ndo uweke mpya. Gia boksi kubwa inataka lita 1.5 ya oili ya gia EP90, ile boksi ndogo ya nyuma yake lita 2.5, difu kama lita 1.75, na zile hausing za mbele zenye mpira wa chuma unaong'aa nusu lita kila moja. Zile zikivuja watu wanajaza grisi ngumu ile ya beringi, usifanye hivyo, grisi ngumu inakaa pembeni tu haifiki juu kwenye beringi. Badili oil sili. Ukiona gia boksi kubwa inapungua oili wakati ile ndogo inazidi mpaka kufurika, hakuna uchawi, sili iliyo katikati yao imekufa.

Sasa nije kwenye kabureta maana hapa ndo nilipopotezea hela, na nadhani wengi mnapotezea hapohapo. Gari ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, ikipata moto ukiizima haiwaki tena mpaka ipoe, ikitembea inatoa moshi mweusi na harufu ya petroli mpaka nguo zinanuka. Nikaipeleka gereji moja mjini. Wakabadili plagi. Wakabadili koili. Wakabadili pampu ya mafuta, kila mara nalipa, kila mara narudi vilevile. Mwisho wakaniambia injini imechoka ifunguliwe, nikaikokota nyumbani nimekata tamaa.

Jumapili moja akapita mzee mmoja jirani, alikuwa fundi kwenye shamba la mkonge miaka mingi. Nikamwamkia, akakaa kwenye ndoo, akaniambia, "Kijana, washa alafu toa ule mpira wa hewa uniangalizie ndani ya kabureta." Nikachungulia na tochi, injini iko sailensa, yani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, nikaona petroli inadondoka tone tone pale katikati ambapo haitakiwi kudondoka. Akasema, "Injini yako nzima. Hii inakunywa bila kuombwa."

Kabureta ni Zenith 36 IV, wengi wenye injini hii mnayo. Kifuniko chake cha juu na lile bloku la jeti linaloshikana nacho vimekaa uso kwa uso, katikati kuna oringi ndogo. Mafundi wakikaza skrubu kwa nguvu miaka yote hii, uso unapinda kidogo sana huwezi kuona kwa macho, petroli inapita pale. Tulifungua juu ya gunia safi. Akaniambia nitafute kioo, nikachomoa kioo kimoja cha dirisha la luva, tukakiweka mezani, tukakilaza msasa laini namba 400 wenye maji juu yake, alafu akashika bloku kwa vidole vitatu na kulizungusha taratibu kama anaandika namba nane, bila kukandamiza. Baada ya mizunguko kama kumi akaligeuza. Kingo zilikuwa zinang'aa, katikati bado pana weusi, hapo ndo niliona kwa macho yangu kwamba limepinda. Tukaendelea mpaka uso wote ukang'aa rangi moja. Osha na petroli safi, puliza kila kitundu, usichokonoe jeti kwa waya wa chuma maana unaipanua, weka oringi mpya, kaza skrubu kwa mzunguko kidogokidogo na usikaze kama tairi. Ikawaka ya moto kwa nusu mzunguko wa stata. Mzee alikataa hela, alichukua machungwa tu, na tangu siku hiyo sijampelekea mtu yeyote gari yangu bila kwanza kuchungulia mwenyewe.

Kwa ulaji wa mafuta, ikiwa sawa mategemeo ni kilometa 5 mpaka 6 kwa lita, zaidi ya hapo usijidanganye.

Pointi za distributa weka nafasi ya milimita 0.35 mpaka 0.40, plagi 0.75 mpaka 0.80. Moto wa plagi unaenda kwa mpangilio wa silinda 1-3-4-2, silinda namba moja ni ya mbele upande wa rejeta. Kabla ya kuchomoa waya za plagi zifunge vitambaa vyenye namba, dakika mbili tu hizo.

Tapeti, yani kupima nafasi ya juu ya valvu. Hii ni kazi inayoogopwa bure. Nafasi ni kumi kwa elfu ya inchi, yani milimita 0.25, valvu zote nane sawa, ulaji na moshi. Toa kifuniko cha juu, toa plagi zote ili injini izunguke nyepesi, alafu ingiza hendeli mbele kupitia tundu la bampa. Ukishika hendeli dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilifungie kuzunguka, siku ukiwa unawashia injini nayo ikarudisha teke litavunjika. Sasa hesabu valvu kuanzia mbele moja mpaka nane na ukumbuke tisa. Ukizungusha mpaka valvu namba nane imezama chini kabisa, unapima namba moja. Ikizama ya sita unapima ya tatu, ikizama ya nne unapima ya tano, ya saba unapima ya pili, na kinyume chake hivyohivyo, kila jozi jumla yake ni tisa. Fila gegi (kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ipite ikikwaruza kidogo kama unavuta karatasi chini ya kitabu, isipite huru na isigome. Unalegeza nati kwa spana, unageuza skrubu kwa bisibisi, unaishikilia bisibisi wakati unakaza nati maana skrubu inapenda kuzunguka nayo, alafu unapima tena. Mara ya kwanza itakuchukua asubuhi nzima, mimi saivi dakika arobaini. Ukishasikia ule mlio wa cherehani umepungua ukabaki wa kawaida utafurahi, lakini usiibane ili inyamaze kabisa, valvu isiyofunga vizuri inaungua.

Thamostati mafundi wanapenda kuitoa na kuitupa wakisema huku kwetu ni joto. Iache. Injini isiyofikia moto wake inakula mafuta na kujiharibu taratibu. Kama inachemka tafuta sababu, rejeta imeziba, mkanda umelegea, au gasketi.

Springi nitasema kifupi. Mbele za upande wa dereva zimeinuka zaidi ya upande wa pili, usichanganye. Ukibadili bushi, nati za mwisho kaza gari ikiwa imeshuka chini kwenye tairi zake, ukikaza ikiwa juu ya jeki mpira unajipinda siku ya kwanza na kukatika mapema. Na ile rilei ya usukani iliyosimama mbele ndani ya chasisi, usiifungue nyumbani, ndani kuna springi yenye nguvu ya kukutoboa. Ijaze oili tu kwa juu.

Sisi tulio karibu na bahari tuna kazi ya ziada. Aluminiamu ikigusana na chuma pakawa na unyevu wa chumvi, aluminiamu inaliwa, unaona unga mweupe kwenye maungio. Kila sehemu ninayofungua, kabla ya kurudisha naweka kipande cha tyubu ya baiskeli katikati na kupaka grisi kwenye bolti. Chasisi kila baada ya mvua naingiza mpira wa maji kwenye ncha za nyuma, nasukuma tope litoke, nahakikisha vitundu vya chini havijaziba, ikikauka siku mbili tatu za jua napulizia oili ndani. Bila hivyo kazi yote ya kuchomelea ni bure.

Kuendesha, kitufe cha njano ukikikandamiza unaingia fowili (tairi zote nne zinavuta) ya kawaida, mkono mwekundu ukiuvuta nyuma unaingia gia nzito na fowili inakuja yenyewe. Kwenye lami kavu toa fowili. Hii gari haina difu ya katikati, ekseli mbili zinavutana na kitu kitakatika.

Nyuma ya siti yangu nabeba mkanda wa feni, pointi, kondensa, hosi ya juu, waya, spana za inchi na shafti moja ya nyuma. Mwaka jana natoka Handeni na mbao, shafti sikuwa nayo, nikasikia kishindo nyuma, injini inalia gari haitembei. Shafti ya kushoto imekatika. Nikaweka mawe kwenye tairi, nikafungua bolti sita za katikati ya habu, nikavuta kipande, nikafunika habu kwa plastiki na kitambaa mchanga usiingie, nikafunga loki za habu za mbele ili tairi za mbele zivute, nikakandamiza kitufe cha njano. Ikaondoka kwa tairi za mbele peke yake, gia ya tatu, taratibu, mbao zote juu, nikaingia Muheza saa mbili usiku.